Nakala ni Shilingi Mia

Mwaka mzima nilimjua Bwana Mihayo kwa kiganja tu,
kiganja kinachonyooshwa juu ya kaunta kupokea hela,
pale Isevya, chumba kimoja, mlango wa bati la buluu,
na ile mashine yake inayokohoa kabla ya kutoa karatasi.
Cheti cha kuzaliwa, nakala tatu.
Cheti cha kidato cha nne, nakala tatu.
Astashahada ya uhasibu, tatu, na tafadhali usiipindishe, baba,
hapo ndipo alipoishia ng'ombe wa mama.

Nilituma Mwanza. Nilituma Dodoma. Nilituma ghala la tumbaku Urambo,
nikatuma hata kwa watu wa asali kule Sikonge
ingawa nyuki akiniuma navimba hadi kope.
Majibu yaliyorudi yangeenea kwenye kijiko.
Moja lilisema: uzoefu usiopungua miaka mitatu.
Nikamuuliza dada'ngu Nyamizi, huo uzoefu unauzwa wapi?
Akaendelea kukata viazi vya michembe,
akasema, Sokoni hawana, nimetoka huko sasa hivi.

Siku ile niliingia na shilingi mia mbili na karatasi tatu.
Nimesimama napiga hesabu ipi niiache,
mashine ikameza cheti cha mteja mwingine, ikakwama, ikapiga mluzi,
Bwana Mihayo akaanza kuikung'uta ubavuni kama punda mgomvi.
Nikasema, fungua nyuma, roli ya pili, inua kidogo.
Mwaka mzima naisubiri, ningekosaje kuijua?
Cheti kikatoka kimekunjamana, kizima.
Hakunisifu. Alisema, Kesho saa moja na nusu, usichelewe.
Nikadhani ananidai ile mia iliyopungua.

Kesho yake akanipa ufunguo na ufagio.
Elfu nne kwa siku, na chai.

Sasa kiganja kinachonyooshwa ni changu.
Wanakuja asubuhi, mashati yamepigwa pasi hadi yanang'aa,
bahasha za kaki wamezishika mbali na jasho.
Nachapa kwa vidole sita:
YAH: MAOMBI YA KAZI.
Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka.
Sentensi hiyo naijua kama njia ya chooni usiku,
bila taa, bila kugusa ukuta.
Andika mwenye kujituma, wananiambia.
Naandika. Hajaja hata mmoja asiyejituma.

Jana akaja Kapipi. Chuoni tulikaa dawati moja.
Hakutegemea kunikuta upande huu wa kaunta,
akazungumza na mashine kwanza, halafu na mimi.
Akatandaza tangazo: karani wa hesabu, stesheni, nafasi moja.
Moja.
Mwisho wa kupokea maombi Ijumaa saa kumi.

Nilichapa jina lake. Nilichapa sanduku la posta la mjomba wake.
Nilipofika kwenye namba ya simu vidole vilisita.
Saba ingeweza kuwa moja. Nani angejua?
Wangepiga, wangemkosa, wangegeuza karatasi.
Nikaisoma namba kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu,
naye akaitikia kila moja kama mwanafunzi kwenye mahudhurio.

Saba?
Saba.

Nikamtolea nakala tatu, akanipa mia nne, nikamrudishia mia.
Alipofika mlangoni nikamwambia, Na mimi natuma.
Akacheka. Akaacha kucheka.
Akasema, Tuma basi, akatoka, na treni ya Mpanda ikapiga honi
hata sikusikia alichoongeza.

Jioni nilibaki peke yangu.
Nikalaza cheti changu juu ya kioo,
mwanga wa kijani ukapita chini ya jina langu pole pole
kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda.
Barua niliichapa mwenyewe, sikuandika najituma.
Penye uzoefu nikaandika: mwezi mmoja na siku tisa.
Kisha nikatoa mia tatu mfukoni, nikadondosha kwenye kopo,
nikafungua daftari la mauzo:
Kalunde, nakala tatu, amelipa.